Watoto "wasio na kipaji" wa darasa la tatu, nilivyowafikisha kudaka na kumiliki mpira

Kuna kauli imenichosha na wanaoisema ni walimu wenzangu: "huyu hana kipaji, mwache akae pembeni atunze vitu vya wenzake." Mtoto wa miaka minane tisa kashindwa kudaka mpira mara mbili tatu mbele ya darasa zima, basi, mwaka mzima kazi yake kipindi cha michezo ni kukaa chini ya mwembe na masweta ya wenzake. Mi nafundisha michezo shule ya msingi ya serikali hapa Morogoro, darasa la tatu na la nne, mkondo mmoja una watoto 80 na kitu, na hao wa kutunza masweta ndo wamenipa raha kuliko wote.

Nilipokabidhiwa somo kila mtu alikuwa na ushauri. Mzee mmoja aliyewahi kuchezea timu za mkoa enzi zake, mtu wa heshima kabisa, akaniambia madam hakuna siri hapa, panga koni, watoto wakae foleni, kila mmoja apige chenga mpaka mwisho arudi ampe mwenzie, ndo tulivyofunzwa sisi. Akajitolea kuja mwenyewe na filimbi yake. Mipira ilikuwa mitatu na mmoja umepungua upepo, kwa hiyo foleni tatu, kila foleni watoto 20 na kitu. Kipindi chenyewe ni dakika 40, toa za kutoka darasani, toa za kuvua viatu na kupangana, hapo mtoto akigusa mpira mara mbili ana bahati. Wale vijana wa chandimu walipita kwenye koni vizuri tu, si wanacheza kila jioni mtaani. Wengine wote ilikuwa mateso. Mpira ulikuwa namba 5, wa watu wazima ule, gramu 410 mpaka 450, mtoto mwembamba akiupiga kwa kidole anaruka na mguu mmoja kwa maumivu, na akiupiga kwa nguvu unaishia kwenye bustani ya mchicha na foleni nzima inasimama kumsubiri na kumzomea. Walioko nyuma ya foleni wameshaanza kurushiana mchanga. Mwisho mzee akafuta jasho akaniambia, "Madam, hapa una watoto kumi, hao wengine kawafundishe kuimba."

Iliniuma, sababu mi nilikuwa nimesimama pembeni naangalia miguu na macho ya hao "wa kuimba", na nikaona tatizo haliko kwenye mpira hata kidogo. Mtoto hawezi kusimama kwa mguu mmoja akahesabu mpaka tano bila kuyumba, sasa huo mguu wa pili utapigaje pasi? Mwingine mpira unakuja yeye anamwangalia usoni aliyeurusha. Mwingine anakimbia vizuri, anadunda vizuri, ila ukimwambia afanye vyote kwa pamoja mwili unagoma. Hayo yote yanafundishika, na mengi yanafundishika bila mpira wowote.

Sasa ngoja niwaambie kuhusu binti mmoja, maana yeye ndo alinionyesha njia. Huyu mpira ukirushwa kwake anafumba macho, anageuza uso, mikono imenyooka mbele kama anapokea sinia, mpira unamgonga kifuani na kuanguka. Kila mtu alishamkatia tamaa. Mapumziko ya saa nne nikapita nyuma ya madarasa nikamkuta amechuchumaa anacheza mdako, na nilisimama pale mpaka kengele ikagonga. Mnaujua mdako, kishimo kimejaa kokoto, anarusha moja juu, kabla haijashuka ameshazoa zile za shimoni kwa mkono uleule, anaidaka ya juu, anarusha tena anazirudisha shimoni na kubakiza moja. Hakosei! Wenzake wamekaa foleni kumngoja akosee hakosei. Nikajiuliza, mkono huu na macho haya yanadaka kokoto ndogo kuliko ndimu, iweje yashindwe mpira? Jibu ni kwamba kokoto anairusha mwenyewe, anajua itapanda mpaka wapi na itashuka lini, na haimuumizi. Mpira unatoka kwa mtu mwingine, mkubwa, mgumu, na kuna siku ulishampiga puani.

Basi nikaanzia kwenye mdako. Darasa zima, kila mmoja na kokoto yake, tumesimama. Rusha juu, daka. Rusha, piga kofi moja, daka. Makofi mawili, matatu, gusa bega, gusa goti. Rusha kwa kulia daka kwa kushoto, hapo ndo kelele zinaanza. Yule binti alikuwa wa kwanza kufikisha makofi manne na wale vijana wa chandimu waliokuwa wanamcheka wakawa wanamwomba awaonyeshe, nilifurahi jamani siwezi kuficha.

Kutoka kwenye kokoto tukahamia mpira wa soksi, zoezi lilelile. Alafu hapa kuna kitu nakipenda sana: puto. Unapuliza puto, unaliviringishia kitambaa chepesi, unafunga kwa uzi, unapata kitu kikubwa kama mpira wa pete lakini chepesi, kinashuka taratibu sababu hewa inakizuia. Macho ya mtoto yanapata muda wa kukifuata mpaka mwisho. Watu wanarukia kumpa mtoto mpira mgumu "azoee", hazoei, anazoea kufumba macho tu. Ongeza kitu kimoja kwa wakati, kwanza ukubwa, alafu uzito, mwendo ndo wa mwisho.

Ujanja mwingine ni wa namba. Nilichukua mipira laini nikaandika namba kubwa kwa maka pen pande zote, 3, 7, 4, 9. Anayepokea lazima ataje namba aliyoiona kabla hajadaka. Hana namna, itabidi aangalie mpira! Huhitaji kupiga kelele "angalia mpira, angalia mpira" mpaka sauti ikauke. Na wa kudaka kimyakimya pia: nawaambia mpira usilie mkononi. Ukidaka na mikono migumu unasikia "pa!", ukilegeza viwiko na kuuvuta kifuani hausikiki. Uwanja mzima unanyamaza wanasikilizana, wakisikia "pa" wanasema umelia huo rudia. Sijawahi kumweleza mtoto yeyote habari za pembe ya kiwiko na wala sihitaji.

Wakishadaka vizuri nawageuza wanipe mgongo, nasema "sasa!", wanageuka mpira uko hewani tayari. Hilo la kuitikia haraka msilifanye mapema, litawarudisha kwenye woga.

Miguu nayo ina njia yake. Kamba kila siku, wavulana pia, walionuna mwanzoni wakisema kamba ya wasichana walinyamaza waliposhindwa kuruka mara kumi mfululizo. Nachora ngazi chini kwa chaki, wanaingia mguu ndani mguu nje, mbele, ubavu, nyuma, na mwenzao mmoja anapiga debe. Debe likienda polepole nanyi polepole, likiharakisha mnaharakisha, ndani ya mdundo huohuo naingiza kudundisha mpira. Mtoto asiye na mdundo hawezi kudunda mpira huku anatembea, atausukuma tu chini kwa nguvu unamkimbia.

Kwa chenga naanza na mpira wa soksi kwa sababu haudundi na hauendi mbali, mtoto anapata nafasi ya kuugusa mara nyingi kwa pande zote za mguu. Hao wa chandimu shida yao ilikuwa nyingine, wanaujua mpira ila vichwa viko chini na mguu wa kushoto ni wa kusimamia tu. Nasimama katikati nanyoosha vidole, wao wanaendesha mpira huku wanataja idadi, namgeukia huyu, namgeukia yule. Wawili wakigongana wote wanarudi mwanzo. Kichwa kinainuka chenyewe.

Kupima nguvu kunasahaulika sana. Ndoo tatu, karibu, katikati, mbali, na soksi za uzito tofauti, nyingine nimetia mchanga kidogo. Anatupa nyepesi alafu nzito kwenye ndoo ileile, mkono unajifunza wenyewe kutofautisha.

Na rede! Kuna mwalimu alisema mbele ya mkuu wa shule kwamba mi sifundishi, nachezesha rede tu. Naomba mtu aniambie zoezi gani la koni linalofikia rede ya kujaza chupa: uko katikati, warushaji wawili mbele na nyuma, unakwepa, unainama unamimina mchanga kwenye mdomo mdogo wa chupa, unasikia mpira umeshikwa nyuma yako unageuka, unaruka, unarudi kwenye chupa. Usawa wa mwili, macho, kujua uko wapi uwanjani, mkono mtulivu huku moyo unadunda, vyote humo humo. Nagawa makundi ya watoto wanane wanane uwanja mzima, mipira ya soksi, hakuna foleni, na anayepigwa anakuwa mrushaji, hatoki nje, kwangu hakuna kutoka nje.

Baadaye nikasoma kwamba Ujerumani, Chuo Kikuu cha Heidelberg, profesa Klaus Roth alianzisha tangu 1998 shule ya mpira kwa watoto, msingi wake ni mtoto acheze kwanza kila aina ya mpira, wa mkono, wa mguu, wa kifimbo, kabla ya kufungwa kwenye mchezo mmoja. Niliposoma nilisema haya, kumbe wenzetu na elimu yao yote wamefika palepale ambapo bibi zetu walikuwa wanachezea uani.

Yule binti, UMITASHUMTA iliyofuata (ile michezo ya shule za msingi), alichaguliwa timu ya netiboli ya kata, anacheza senta. Netiboli ukishika mpira una sekunde tatu tu uwe umeshautoa, na unaushika ukiwa hewani, unatua, unageuka, unatoa. Ndo mtoto aliyekuwa anakaa na masweta. Yule mzee wa filimbi alikuwepo, akaniuliza huyu mmemtoa shule gani, nikamwambia mzee wangu ni wa darasa langu, alikuwa kwenye zile foleni zako tatu.

Gharama msiziogope. Puto, uzi na maka pen ni elfu chache tu, debe na ndoo zipo shuleni, soksi nimeomba kikao cha wazazi wakaleta mfuko mzima. Soksi jaza vitambaa vilivyokatwa vidogo, vikubwa vinafanya mpira uwe na nundu, viringisha kwa nguvu, alafu shona mdomo, usifunge fundo maana fundo linaumiza. Masika msichezee kwenye majani yenye maji, soksi ikilowa inakuwa nzito na inanuka, mi huwa nawahamishia barazani nje ya madarasa tunafanya ya makofi na debe, walimu wa madarasa ya jirani wamelalamika kelele na tumekubaliana iwe kipindi cha mwisho.