Krismasi Iliyonikuta Timboroa

Nauli ya Nakuru hadi Bungoma siku za kawaida hainisumbui. Tarehe 24 Desemba niliambiwa elfu moja mia tisa, na nilipouliza sababu, makanga akanitazama kama mtu aliyeshuka kutoka mwezini. "Mzee, ni Krismasi." Nikalipa. Kwa pesa hizo nikapewa sambaza, kile kibao kinacholazwa katikati ya viti viwili, ubavu wangu ukigusana na kikapu cha mama mmoja aliyebeba kuku. Kuku yule alikuwa na nafasi kunishinda.

Hamu ya kufika sikuwa nayo. Mama alifariki mwezi wa Juni. Asubuhi hiyo dada yangu alikuwa amepiga simu kutoka Minnesota, ambako Desemba jua huzama kabla ya saa kumi na moja jioni, akasema giza la kule limemwelemea hata mti wa Krismasi hakuusimamisha. "Nyinyi angalau mna jua," akasema. Jua tunalo kweli. Desemba kwetu ni kiangazi, vumbi na harusi kila Jumamosi. Sikumwambia kwamba mwaka huu siioni faida yake. Nilimwambia tu ajifunike vizuri.

Salgaa tulipita wote tukiwa kimya, maana barabara ile hupiti mwezi wa Desemba bila kuwakumbuka walioishia pale kwa ajali. Ilipofika saa tatu usiku, tukiwa Timboroa, gari likakohoa mara mbili likasimama. Klachi. "Dakika tano tu," akasema makanga.

Wasioijua Timboroa watadhani natia chumvi. Mstari wa ikweta unapita karibu na pale, lakini pako zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, na baridi yake inaingia hadi kwenye meno. Mimi nilikuwa nimevaa shati la mikono mifupi, nimejiandaa kwa Bungoma. Zile dakika tano zikawa saa nzima. Stima zilikuwa zimepotea, na ukungu ulikuwa mzito hata lori tulilisikia kwanza, tukaliona likiwa limeshatupita. Tulipodai nauli yetu, dereva akasema pesa ziko kwa mwenye gari. Mwenye gari hakushika simu. Nimejaribu kuwasamehe, na bado najaribu.

Mama wa kuku ndiye aliyesikia nyimbo. Chini kidogo ya barabara palikuwa na kanisa la mabati, taa mbili za mafuta, na watu kama thelathini kwenye kesha. Tuliingia abiria kumi na sita (gari la abiria kumi na wanne, hesabu mwenyewe) na hakuna aliyetuuliza dhehebu. Shosho mmoja, bibi mzee, akanivuta karibu na jiko la makaa. "Wewe kijana, nani alikuruhusu kutoka nyumbani na shati hilo?" Akanifunika leso yake, akanimiminia chai kwenye kikombe cha bati, akanipa viazi vya kuchemsha vilivyokuwa moto hata nikawa navihamisha mkono huu na huu.

Mahubiri nilidhani nayajua tayari: nyumba ya wageni, hakuna nafasi, na sisi wa gari bovu tukiwa mfano mzuri. Hayakwenda huko. Mzee aliyesimama alifungua Mathayo sura ya pili, akawapita mamajusi upesi, akaja kutua kwa Herode na watoto wa Bethlehemu, na Raheli anayewalilia wanawe, hataki kufarijiwa kwa sababu hawako tena.

"Hii nayo ni Krismasi," akasema. "Huwa tunairuka tukiwasomea watoto."

Shosho akaninong'oneza kwamba wanaisoma kila kesha tangu 2008. Hakuhitaji kueleza zaidi. Uchaguzi ulifanyika tarehe 27 Desemba 2007, siku mbili baada ya Krismasi, na kufikia mwaka mpya nyumba zilikuwa zinawaka kwa ghasia za kikabila upande huo wa Burnt Forest. Hakunieleza alimpoteza nani wala ni wa kabila gani, nami sikuuliza. Usiku ule waliomba kwa Kikuyu, wakaomba kwa Kikalenjin, kisha kwa Kiswahili kwa ajili yetu wageni.

Halafu mzee akarudi nyuma hadi Yeremia 31, Mathayo alikoyatoa maneno yale. Pale Raheli anaambiwa aache kulia, liko tumaini, watoto wake watarudi kwao.

"Raheli mwenyewe hakuwaona wakirudi," mzee akasema. "Aliambiwa tu." Akaketi. Mahubiri yakaishia hapo.

Tangu Juni watu wamekuwa wakiniambia nijikaze, Mungu ana mpango wake. Hakuna aliyenionyesha kwamba ndani ya habari yenyewe ya kuzaliwa kwa Bwana yumo mwanamke aliyekataa kufarijiwa, na Mathayo akamwacha humo. Nililia kwenye leso ya mtu nisiyemjua, leso iliyonuka moshi wa kuni kama za mama. Shosho hakusema kitu. Aliniongeza chai.

Asubuhi tulipata gari jingine, na mia saba nyingine zikanitoka. Eldoret, Turbo na Webuye sikuziona, nilikuwa nimelala.

Baba nilimkuta chini ya mparachichi. Jikoni hapakuwa na moshi.

"Sikuchinja," akasema. "Nani angepika?"

Nikamsimulia Timboroa, shosho, na Raheli. Akanituma miwani na Biblia, akaitafuta Yeremia mwenyewe, akasoma midomo ikichezacheza bila sauti. Kisha akavua miwani, akajipangusa macho kwa mkono wa shati. Hata siku ya mazishi sikumwona akifanya hivyo.

Baada ya kitambo akaniuliza kama chai ya Timboroa ilikuwa ya maziwa au ya rangi.

"Ya maziwa, baba."

Akaguna, akasimama, tukaanza kumkimbiza jogoo. Tulimkosa mara tatu.