Mmea wa Borneo juu ya gae la mtungi

Kikopo chenyewe kilikuwa kidogo kama cha mtindi, na ndani yake miche kumi hivi iliyooteshwa maabara juu ya ute mfano wa jeli. Bucephalandra, mmea wa mitoni huko Borneo. Kwao hushika mawe kwa mizizi: mto ukijaa unazama, maji yakishuka unabaki hewani. Binamu yangu aliniletea kutoka Dar es Salaam, kwa bei ambayo mke wangu hadi leo hajaambiwa sawasawa.

Kwa haraka zangu nikaosha ute, nikaifunga miche kwa mshipi juu ya jiwe la matumbawe, nikatumbukiza kwenye tangi la samaki lenye maji ya kisima. Siku ya nne majani yakawa kama kioo. Siku ya tisa yameoza na maji yananuka.

Nikalaumu jiwe. Nililikamulia ndimu likatoa povu, dalili ya chokaa, na kisima chetu hapa Mwanakwerekwe nacho kina chokaa. Birika letu lina ukoko mweupe ndani. Huenda jiwe lilichangia, lakini siku hizi naamini kosa kubwa lilikuwa langu. Jani lililokulia hewani ukilizamisha ghafla huyeyuka, na mmea huanza upya kutoka kwenye kile kishina kinene kinachotambaa. Unachotakiwa ni kuusubiri, nami nilikuwa njiani kwenda jaani.

Aliyenizuia ni bibi, aliyekuja kututembelea kutoka Mwera, ambaye umri wake wote amelima majimbi bondeni. Alichukua kipande kimoja akakibonyeza kwa ukucha.

"Mjukuu wangu, hiki bado kigumu. Jimbi halifi kwa kukosa majani."

Baadaye nikasoma kwamba mmea huu na jimbi ni ukoo mmoja kweli, Araceae. Tulibonyeza vyote, vinne vikawa vigumu, vilivyolainika tukavitupa.

Safari hii nilitumia gae la mtungi uliovunjika. Nalo nililikamulia ndimu, kimya. Nikavifunga vishina juu yake bila kuvifukia, maana kishina kikifukiwa huoza. Mizizi peke yake ndiyo iteremke. Gae nikaliweka ndani ya ndoo ya plastiki inayopitisha mwanga, maji ya mvua yakifika chini ya vishina tu, juu nikafunika nailoni ili unyevu usitoke. Kila asubuhi naifunua dakika chache hewa ipite. Maji ya mvua nakinga batini wakati wa masika na kuyaweka kwenye madumu, ila mvua ya kwanza naiacha ioshe vumbi la bati.

Kaskazi ndiyo iliyonisumbua. Joto la Januari linaifanya ndoo kuwa chungu cha kupikia, hivyo niliihamishia barazani kivulini na kuizungushia gunia bichi. Upepo unapolikausha gunia, ndoo inapoa kama mtungi wa maji ya kunywa. Mbolea sinunui: mara moja kwa mwezi natia kikombe cha maji ninayotoa kwenye tangi la samaki.

Wiki ya sita kikatoka kidole chekundu, chembamba kama sindano. Kikafunguka jani la kijani iliyokoza, lenye nukta nyeupe, na ukiligeuza kwenye mwanga linang'aa buluu. Kisha nikasubiri karibu mwezi mzima kupata la pili. Mwenye pupa apande mchicha.

Sasa vishina vitatu vina majani matano matano. Cha nne nakizamisha taratibu, naongeza maji kimo cha ukucha kila wiki. Jani moja limekwenda, jipya limechomoza chini ya maji na halijayeyuka.

Bibi alikuja tena Ijumaa iliyopita. Akaliangalia gae kwa muda, akaniuliza kama kinaliwa. Nikamwambia hakiliwi. Akanitazama, akaomba chai.