Daftari la uyoga wa porini: msimu wa kwanza, Mufindi

Desemba

Mvua zimeshika. Mradi wenyewe uko hivi: kabla msimu haujaisha niwe na daftari la uyoga wa porini unaoliwa huku kwetu, kila aina na ukurasa wake. Picha ya juu, picha ya chini ya kofia, picha ya mguu mzima pamoja na kile kilichofukiwa ardhini, rangi ya unga wa spora (mbegu za uyoga), mti uliokuwa jirani, na mwisho kauli ya Bibi. Hiyo kauli ndiyo turufu. Uyoga ambao Bibi hajaukubali hauingii jikoni, hata wasomi wote wakiusifia.

Bibi ni bibi yake mke wangu. Mvua zikianza huuza uyoga kando ya barabara kuu ya Iringa kwenda Mbeya, kwa sado na kwa mafungu. Mbele za watu huniita "mume wangu", na nilipomweleza habari ya daftari alicheka hadi akakaa chini. "Mume wangu anataka kuandika uyoga! Uyoga unaandikwa au unaliwa?" Ila siku ya pili alfajiri alikuwa mlangoni na fimbo yake.

Vifaa: kikapu cha milulu, kisu kifupi, lenzi ya mkono, karatasi, na penseli kwa sababu wino ukilowa unafutika. Mfuko wa plastiki usijaribu. Uyoga unatoka jasho humo ndani, na jua likipanda umeshalainika na kuanza kunuka. Kwenye kikapu unapata hewa.

Nimeanza na uyoga wa kichuguu, jamii ya Termitomyces. Ukiuchimba, kuukosea ni shida. Ukiuvunjia juu, kuukosea ni rahisi. Katikati ya kofia ana ncha ngumu ya kutobolea udongo, ambayo unaisikia kwa kidole hata huioni. Mguu nao haukomi pale unapokutana na ardhi. Unaendelea chini kama mzizi, unazidi kuwa mwembamba, mpaka kwenye masega ya mchwa. Niliufuata mmoja kwa kisu na vidole mpaka mkono ukazama wote hadi begani, na bado haukuwa umeisha. Bibi aliniacha nichimbe, halafu akasema: "Sasa umeona. Inatosha. Kichuguu hakihami, mwakani utarudi hapa hapa." Yeye huuzungusha kidogo, anaukata chini ya udongo, anafukia shimo.

Kinachofanyika humo ndani kinanifurahisha kuliko uyoga wenyewe. Mchwa vibarua hutafuna miti na majani makavu pamoja na spora za kuvu, ambaye uyoga ni tunda lake, na kinyesi chao ndicho wanachojengea masega. Kuvu huota kwenye masega na kuvunjavunja kile ambacho tumbo la mchwa peke yake lingeshindwa. Kisha mchwa hula masega yaliyoiva pamoja na vinundu vyeupe vya kuvu. Ushirika huu ulianzia Afrika, yapata miaka milioni 30 iliyopita. Ndiyo maana uyoga huu haulimwi bandani kama uyoga wa mamama: ukitaka shamba lake, lazima ufuge na mchwa.

Ndugu zake hawafanani kwa kimo. Zambia kuna Termitomyces titanicus, ambaye kofia yake inaweza kufikia upana wa mita moja. Wanasayansi walimpa jina hilo mwaka 1980, wakati watu walikuwa wakimla zamani na zamani. Mwingine, Termitomyces microcarpus, ana kofia ya sentimita moja au mbili tu na huota kwa maelfu juu ya ardhi, pale mchwa wanapokuwa wametoa nje masega yao ya zamani. Huyu hana mzizi mrefu, kwa hiyo kipimo changu cha kuchimba kwake hakifai. Nimemwandikia ukurasa wake.

Unga wa spora ninautoa hivi: nakata mguu, nalaza kofia kifudifudi juu ya karatasi ambayo nusu ni nyeupe na nusu nyeusi, nafunika kwa bakuli, nalala. Asubuhi uyoga wa kichuguu umeacha unga wa rangi ya waridi iliyopauka. Mtoto wa jirani naye alikuwa ameniletea uyoga mkubwa mweupe kutoka kwenye nyasi za uwanja wa mpira, wenye magamba ya kahawia juu ya kofia na pete mguuni unayoweza kuisogeza juu na chini. Mzuri ajabu. Huo uliacha unga wa kijani kilichofifia, na rangi hiyo ni nadra mno kwa uyoga: ni Chlorophyllum molybdites. Ukiula, ndani ya saa chache unatapika na kuharisha mpaka unaomba radhi. Ubaya wake ni kwamba ukiwa mchanga, matamvua, yale majani membamba ya chini ya kofia, ni meupe tu. Kijani huja baadaye. Kwa hiyo kutazama kwa macho hakutoshi, na watoto wote wa mtaa nimewaonyesha ile karatasi.

Januari

Miombo. Hapa nimepunguza mwendo, maana kila mti una wageni wake. Chini ya mitundu na mikusu uyoga hauoti hovyo. Kuvu umejifunga kwenye ncha za mizizi ya mti: mti unatoa sukari, kuvu unaleta maji na madini kutoka mbali ambako mzizi haufiki. Palipokatwa miti kwa ajili ya mkaa, uyoga wa aina hii hauonekani tena. Bibi alinipitisha sehemu ya namna hiyo na kunionyesha kwa fimbo, huku na kule, ni nini kilikuwa kinaota wapi wakati yeye ni msichana. Sasa pana nyasi.

Jamii ya Cantharellus imejaza kurasa nyingi. Geuza kofia: unachokiona si matamvua bali ni mikunjo ya nyama ya uyoga wenyewe, minene, inayogawanyika na kushuka hadi mguuni. Jaribu kuibandua kwa ukucha, haibanduki. Iko ya njano, iko ya rangi ya chungwa, na uko mmoja wa kijivu, Cantharellus congolensis, ambao ukiushika unazidi kuwa mweusi. Kwa sura tu ningeupita. Bibi aliuinamia kabla ya ile ya njano.

Kisha uyoga wa maziwa, Lactarius na Lactifluus. Ukikata matamvua, matone ya maziwa yanachuruzika, na mguu unavunjika kwa mkato mmoja bila kuchanika nyuzi. Hapa Bibi anachagua: huu sawa, huu hapana, na yote miwili ina maziwa. Nimeandika alivyochagua, nikaongeza rangi ya maziwa baada ya kupigwa na hewa.

Halafu ukaja ule wa kofia nyeupe yenye kahawia katikati, Amanita zambiana. Unaliwa hapa, unaliwa Malawi, unaliwa Zambia, na Bibi hufurahi akiuona. Una pete mguuni, na chini kabisa una kikombe cha ngozi ulimotokea. Hizo ndizo alama mbili za Amanita phalloides, uyoga wa Ulaya unaotajwa kuua watu wengi kuliko mwingine wowote duniani. Sumu yake haiondoki kwa kupika wala kwa kukausha. Mlaji haumwi mpaka saa 6 au zaidi zipite, anatapika na kuharisha, kisha anapata nafuu na kudhani yamekwisha, huku ini linaharibika kimyakimya. Bibi anaujua wake kama anavyowajua wajukuu zake. Mimi siujui hivyo. Nimeupiga picha na kuuchora, nimekula wa mkono wake uliopikwa kwa karanga na ugali, lakini wa mkono wangu bado.

Hapa niseme kidogo kuhusu vipimo vya mitaani, maana kila ninayemweleza habari hizi ananipa kimoja. Eti ukiliwa na wadudu au konokono ni salama. Konokono hula uyoga unaoua mtu na hawadhuriki. Eti uchemshe na kitunguu au mchele, rangi ikibadilika mwaga. Sumu ya Amanita haibadilishi rangi ya chochote. Eti mweupe mzuri, mwekundu mbaya. Wakati baadhi ya ile inayoua ni myeupe pe. Nimemsubiri Bibi atumie hata kimoja cha vipimo hivi na hajatumia. Hana kanuni ya uyoga wote. Anajua huu, na huu, na huu, kila mmoja kwa sura, harufu, mti na wiki unayotoka, na usio kwenye orodha yake anaupita kama haupo.

Programu ya simu nayo niliijaribu. Ilinipa majina ya uyoga wa Ulaya kwa karibu kila picha, uyoga wa kichuguu ukiwamo, tena kwa kujiamini kabisa. Nimeifuta.

Februari

Mwezi huu nimekwenda upande wa misindano, kwa ruhusa, kwenye mashamba ya miti ya Sao Hill. Nilitaka Bibi aje. Amekuja, amesimama kwenye kingo za shamba, na hakuokota kitu.

Mti mkuu pale ni Pinus patula, asili yake Mexico. Misindano ilipoletwa Afrika, miche haikustawi mpaka ilipopata kuvu wa kwao, ambao walisafiri pamoja na udongo wa vitalu. Kwa hiyo unavuka barabara moja ya vumbi na uyoga wote unabadilika. Suillus, kwa mfano: kofia ya kahawia yenye utelezi, na chini hakuna matamvua bali vitundu vidogo vidogo. Huko Ulaya wanaubandua ngozi ile ya utelezi na kuula. Upo pia Amanita muscaria, mwekundu wenye madoa meupe, ule wa kwenye vitabu vya watoto, ambao unavuruga akili na tumbo.

"Hii siijui," alisema Bibi. "Mama yangu hakunionyesha." Nikamwambia huu wa vitundu kuna watu wanaula. "Wale. Mimi sijui ndugu zake wabaya ni akina nani."

Sijapata hoja nzito kuliko hiyo mwaka mzima. Januari 2012 watu wawili walikufa baada ya kula, huko Canberra, Australia, Amanita phalloides, uyoga uliofika kule pamoja na miti ya Ulaya. Wahamiaji kutoka Asia wameingia kwenye mtego huo zaidi ya mara moja, kule na Marekani, kwa kuufananisha na uyoga wa majani ya mpunga ambao kwao ni chakula cha kawaida. Elimu yao ya uyoga ilikuwa sahihi kabisa. Ilikuwa ya msitu mwingine. Bibi yeye alisimama ukingoni, umbali wa kutembea tu kutoka nyumbani.

Suillus nimeuandikia ukurasa wenye picha, unga wa kahawia na umri wa miti. Sehemu ya "unaliwa" nimeiacha wazi. Kabla ya kuijaza nataka kuuona tangu unachomoza hadi unaoza, na kuvijua vingine vyote vinavyoota chini ya misindano ile, kwa kuwa humo hakuna bibi wa kumuuliza.

Machi

Miombo inapungua, uyoga wa kichuguu umekwisha. Tunakausha. Cantharellus tunachana kwa mkono na kutandaza juani; uyoga wa maziwa Bibi huchemsha kwanza, anamwaga maji, ndipo anauanika. Jioni kila kitu kinaingia ndani, la sivyo umande unarudisha unyevu na kuvu mwingine unakuja kula kuvu wetu.

Kurasa zilizokamilika kila sehemu ni za kichuguu na za Cantharellus. Za uyoga wa maziwa zina mapengo kwenye harufu, kwani niliandika "harufu nzuri" kila mahali, na maelezo hayo hayamsaidii mtu. Msimu ujao naanza nazo. Bibi ameshatoa sharti lake: nije na mke wangu na watoto pia, kwa sababu daftari, asema, halijui kuinama.