Kodi ya Houston, reli ya Fresno

Kila mwanzo wa mwaka mfanyakazi wa Marekani hupokea fomu ya W-2 kutoka kwa mwajiri wake. Kisanduku namba 2 kinaonyesha kodi ya mapato aliyokatwa ikaenda Washington, kwa serikali kuu, na namba 17 ile iliyokwenda jimboni. Kwa Mswahili anayeishi Houston au Mkongomani wa Nashville, namba 17 huwa tupu, kwa sababu Texas na Tennessee hazikati kodi ya mshahara. California haimdai hata senti. Hata hivyo, kupitia kisanduku namba 2 ameshachangia madaraja ya reli ya mwendokasi yanayojengwa Fresno, California, mji ambao pengine hatautia mguu maisha yake yote. Ana haki ya kuuliza kwa nini.

Mimi niko upande wa wanaosema alipe. Ila asilipe kwa namna alivyolipishwa tangu 2009, kwa sababu namna ile imekula fedha nyingi na treni haijaonekana.

Novemba 2008 wapiga kura wa California walipitisha Pendekezo 1A: hati fungani za dola bilioni 9.95, ambapo bilioni 9 zilikuwa za reli ya San Francisco hadi Los Angeles, safari ya saa 2 na dakika 40. Wakati huo reli nzima ilikadiriwa kugharimu dola bilioni 33 hivi. Mpango wa 2024 unataja kati ya bilioni 89 na 128. Miezi michache baada ya kura ile, uchumi ukiwa umeporomoka, Congress, yaani bunge la Marekani, ilipitisha sheria ya kufufua uchumi yenye dola bilioni 8 za reli, na kwa mwaka wa fedha 2010 ikaongeza bilioni 2.5. California ikaondoka na takriban bilioni 3.5.

Shida ilikuwa kwenye masharti. Dola bilioni 2.55 za sheria ya 2009 zilitakiwa ziwe zimetumika zote ifikapo 30 Septemba 2017, zisipotumika zirudi. Sheria ilitungwa ili watu wapate ajira upesi, na reli mpya haina upesi wa namna hiyo. Ilipofika 2012 Washington ikalegeza kamba: jimbo likaruhusiwa kutumia fedha za serikali kuu kwanza, na mchango wake lenyewe uje baadaye. Mkandarasi wa kipande cha kwanza alipewa kazi mwaka 2013. Ardhi yenyewe ilikuwa bado mikononi mwa wenyewe.

Chukua shamba moja la lozi pembeni mwa Fresno uone kazi ilivyo. Mpimaji anachora ramani ya sehemu inayohitajika. Mthamini anakuja kuthamini ardhi, na siyo ardhi peke yake, kwa sababu kuna miti yenye miaka yake ya kuzaa iliyobaki, kisima na mabomba ya umwagiliaji yaliyofukiwa. Reli ikipita mshazari inaacha pembetatu mbili ambazo ndani yake trekta haliwezi kugeuka, na bomba la maji linabaki upande mmoja wakati nusu ya miti iko upande wa pili. Vyote hivyo vina bei. Mwenye shamba anapelekewa ofa kwa maandishi, anaikataa, mazungumzo yanaanza. Yakishindikana, Bodi ya Kazi za Umma ya jimbo inapitisha azimio kwamba ardhi ile ni ya lazima kwa mradi, kisha faili linakwenda mahakamani jaji atoe amri ya kuikabidhi. Sasa zidisha shamba hilo kwa zaidi ya vipande 2,000, maana ndivyo vilivyohitajika kwa kilomita 191 za mwanzo. Na tingatinga haliwezi kuruka kipande kimoja: ukikosa shamba la katikati, tuta la reli unalijenga vipandevipande, na kila kuhama ni gharama.

Muda wote huo mkandarasi ana mkataba. Mitambo ikikaa na wafanyakazi wakisubiri, anaandika dai la ucheleweshaji, na dai hilo ni halali kwa sababu aliyechelewa ni mwenye mradi. Ukimaliza ardhi kuna nguzo za umeme na mabomba ya gesi ya PG&E, kuna nyaya za AT&T, na kila mwenye kitu chake lazima akubali mchoro kabla hakijahamishwa. Kuna pia reli za mizigo za BNSF na Union Pacific. Mahali ambapo reli mpya inapita karibu mno na ya mizigo, wenye mizigo walitaka ukuta wa zege wa kuzuia behewa lililoanguka lisivamie njia ya treni ya kasi. Ukuta huo haukuwa kwenye michoro ya mwanzo. Mkaguzi wa hesabu wa jimbo aliyaandika haya Novemba 2018: kuanza ujenzi kabla ardhi, miundombinu ya watu wengine na makubaliano na reli za mizigo havijakamilika ndiko kulikopandisha gharama.

Kwa hiyo mtu akisema kodi imepotea California, simbishii kwamba imepotea. Namwambia imepotelea wapi: kwenye mpangilio wa hatua, na mpangilio huo ulisukumwa na tarehe iliyowekwa Washington.

Florida ilikuwa kinyume chake. Reli ya Tampa hadi Orlando ingepita kwa sehemu kubwa katikati ya barabara kuu ya I-4, kwenye nafasi iliyokuwa imeachwa wazi, kwa hiyo mashamba ya kununua yangekuwa machache. Ilipewa dola bilioni 2.4. Februari 2011 Gavana Rick Scott akazikataa, akihofia kwamba gharama zikizidi, ziada itamwangukia mlipakodi wa jimbo. Hofu hiyo haikuwa ya kupuuzwa. Brightline West, reli ya kampuni binafsi itakayounganisha Las Vegas na Rancho Cucamonga, California, nayo itapita katikati ya barabara, I-15, na makadirio yake bado yamepanda kutoka dola bilioni 12 hadi 21.5. Ardhi ikiwa tayari unaondokana na ugonjwa mmoja, siyo yote.

Fedha alizozikataa Scott ziligawiwa kwingine. Dola milioni 450 zilikwenda New Jersey, kwenye kilomita 40 hivi za njia ya kaskazini mashariki, kubadilisha umeme na nyaya za juu. Huko ndiko ningetaka fedha nyingi zaidi ziende. Njia ya Washington hadi Boston ina kilomita 735 na inapita majimbo manane, kwa hiyo hakuna gavana anayeweza kuibeba peke yake. Agosti 2025 Amtrak, shirika la taifa la treni za abiria, iliingiza treni mpya za Acela zenye uwezo wa kilomita 257 kwa saa. Treni hiyohiyo ikifika Baltimore inaingia kwenye handaki la mwaka 1873, lenye kona kali, na kushuka hadi kilomita 48 kwa saa. Kusini mwa New York kuna sehemu ambazo nyaya za umeme ni za miaka ya 1930, hazina mfumo wa kuzivuta zikae sawa, kwa hiyo jua likiwaka zinalegea na treni inaamriwa ipunguze mwendo.

Na kuna daraja la Portal juu ya mto Hackensack, New Jersey, la mwaka 1910. Meli ikitaka kupita, daraja linazunguka. Meli ikishapita linarudi, ila mara nyingine halikai sawasawa na reli za pande mbili hazikutani. Hapo mafundi huchukua nyundo kubwa na kuligonga mpaka likubali kufunga, huku treni zikiwa zimejipanga pande zote mbili kwenye njia yenye msongamano kuliko zote nchini. Daraja jipya la kando yake, Portal North, limepandishwa kiasi cha mita 15 juu ya maji ili meli zipite chini bila chochote kufunguka.

Treni mpya za Acela zilipatikana kwa mkopo wa serikali kuu wa dola bilioni 2.45 uliotolewa 2016. Mkopo wa treni ni sahihi, kwa sababu treni inauza tiketi na tiketi inalipa deni. Daraja na handaki litakalotumika miaka mia linahitaji ruzuku, maana nauli ya miaka 30 hailibebi.

Wanaopinga husema barabara zinajilipia, reli nayo ijilipie. Zamani dai hilo lilikuwa na ukweli. Kodi ya petroli ya serikali kuu ni senti 18.4 kwa galoni tangu 1993, haijaguswa. Mfuko wa barabara ulianza kupungukiwa 2008, na tangu hapo Congress imeujazia zaidi ya dola bilioni 270, sehemu kubwa kutoka hazina ya kawaida, kwenye kodi ileile ya kisanduku namba 2.

Kibaya zaidi ni Washington kutoa na kunyang'anya. California ilifutiwa dola milioni 929 mwaka 2019, ikarudishiwa 2021, ikaongezewa bilioni 3.07 Desemba 2023, na Julai 2025 ruzuku za takriban bilioni 4 zikafutwa kwa mkupuo. Mkandarasi akiona hivyo anaongeza bei ya hatari kwenye zabuni, na bei hiyo tunailipa wote.

Utaratibu wa sasa wa serikali kuu wa kuandaa njia mpya na kuboresha zilizopo una mantiki nzuri mwanzoni. Njia 69 zilichaguliwa Desemba 2023. Hatua ya kwanza ni hadi dola 500,000 za kuandika upeo wa kazi, ratiba na bajeti, bila mchango wa jimbo. Ya pili ni mpango wa huduma, jimbo likichangia asilimia 10. Ya tatu ni usanifu wa awali na tathmini ya mazingira, asilimia 20. Baada ya hapo ujenzi unaweza kuombewa hadi asilimia 80 kutoka Washington. Mimi ningeingiza hatua ya nne kabla ya ujenzi: ruzuku ya ardhi na kuhamisha nguzo na mabomba peke yake, na mkataba wa tuta na madaraja usisainiwe mpaka vipande 9 kati ya 10 vya sehemu hiyo viwe vimekabidhiwa. Asilimia 80 ningeiacha kwa njia zinazovuka majimbo. Njia iliyo ndani ya jimbo moja ipewe nusu, na jimbo lionyeshe kwanza chanzo chake cha kudumu. California imekipata 2025: sheria inayotenga dola bilioni 1 kila mwaka hadi 2045 kutoka mnada wa vibali vya hewa chafu. Fedha za namna hiyo zilihitajika 2009.

Ukisikia mradi wa jimboni kwako umepewa bilioni kadhaa, usianze na picha za treni. Uliza kama mkataba wa ruzuku umesainiwa au umetangazwa tu. Kisha uliza vipande vingapi vya ardhi vinahitajika, na vingapi vimeshakabidhiwa.