Siku Moja Maishani Mwangu: Kuvunja Mwamba Nisiouona

Kazi yangu ni kuendesha ekskaveta iliyofungwa juu ya tishari, yenye nyundo ya haidroliki mahali pa ndoo. Tunaongeza kina cha njia ya meli. Mchanga na tope vilishaondolewa na meli ya kufyonza. Kilichobaki chini ni mwamba, na mwamba haufyonzeki mpaka uvunjwe. Nikimwambia mtu navunja miamba baharini, hudhani napiga mbizi. Wapi! Nashinda kwenye kibanda chenye kiyoyozi, nikigonga kitu ambacho sijawahi kukitia machoni. Siku ninayoisimulia ni ya bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, zamu ya mchana.

Saa 11 alfajiri

Boti inatufikisha kukiwa bado giza. Tishari letu lina miguu mitatu ya chuma inayoshushwa hadi ikanyage sakafu ya bahari, kisha winchi hulinyanyua kidogo ili sehemu ya uzito wake ibebwe na miguu badala ya maji. Likiachwa lielee tu, kila nikikandamiza nyundo ni tishari litakalopanda, mwamba utulie pale pale.

Mwenzangu wa zamu ya usiku ananikabidhi daftari na ramani ya vina. "Kile kinundu cha kaskazini bado kipo," ananiambia, macho yamemwiva. Njia inatakiwa iwe na mita 11 chini ya kiwango cha maji madogo kabisa. Kinundu kiko kwenye mita 10.6. Sentimita 40 tu, lakini meli haina habari na wastani wa sakafu. Itaguswa na jino lililochomoza kuliko yote. Eneo zima linaweza kuwa safi na kazi ikakataliwa kwa ajili ya jino hilo moja.

Saa 12 asubuhi

Nyundo imelazwa sitahani, tani 7 za chuma kilichochakaa nje na kunakshiwa kwa mikwaruzo. Fundi na mimi tunaizunguka na tochi. Cha kwanza ni patasi, ule mwiba wa chini unaogusa mwamba, mnene kama paja la mtu. Ncha yake imebutuka, ukingo umejikunja kwa nje na kuacha mdomo wa chuma unaokwaruza glovu. Bado inafaa, maana kwenye jiwe gumu ncha butu hupeleka pigo vizuri kuliko kali, lakini mdomo ule lazima ukatwe kabla haujang'oka wenyewe.

Halafu bushi, ile pete ya chuma inayoishika patasi. Patasi hucheza ndani ya bushi, na nafasi kati yao ikizidi, patasi hukaa upande na pistoni kuigonga kwa kona. Fundi anaingiza kipimo, anatikisa kichwa, anaandika. "Wiki hii itavumilia," anasema. Tunajaza grisi mpaka itoke pembeni. Chini ya maji grisi huoshwa haraka, na tunatumia ile inayooza yenyewe ili isibaki baharini.

Cha mwisho, na kwangu ndicho kikubwa, ni mpira wa hewa. Nyundo ya kawaida ukiitumbukiza majini ukaanza kupiga, maji yataingia pale pistoni inapokutana na patasi. Maji hayabanwi. Pistoni ikishuka kwa kasi ikakuta maji pale, mgandamizo unaozuka hupasua sili na kuharibu silinda. Ndiyo maana kompresa inasukuma hewa ndani ya kile chumba muda wote, kwa nguvu inayozidi ya maji ya nje. Kila mita 10 za kina huongeza takribani baa 1 ya mgandamizo, kwa hiyo ukijua unashuka wapi, unajua hewa iwe ngapi. Sheria kwenye tishari letu haina mjadala: hewa inafunguliwa nyundo ikiwa juu, na inafungwa nyundo ikisharudi juu.

Saa 12 na nusu

Hakuna anayegusa pedali ya nyundo. Mwangalizi wa wanyama wa baharini yuko juu ya kibanda na darubini, akihesabu dakika 30 za kutazama. Sauti majini husafiri mita 1,500 hivi kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya kasi yake hewani, na pigo la nyundo kwa pomboo aliye karibu si kelele, ni kipigo. Akionekana pomboo au kasa ndani ya eneo tulilowekewa, tunasubiri. Wapo wenzangu wanaonung'unika. Mimi sioni cha kunung'unikia. Nusu saa hiyo naitumia kuangalia skrini.

Nayo skrini ndiyo macho yangu. Antena za setilaiti zinaonyesha tishari liko wapi na limeinuka kiasi gani, vihisi vya pembe vinasema mkono wa ekskaveta umejikunja vipi, na kompyuta inachora ncha ya patasi juu ya picha ya sakafu ya bahari. Maji yakijaa au kupwa, mahesabu yanajirekebisha.

Mwangalizi anapunga mkono. Pako wazi.

Saa 1 asubuhi

Ninashusha. Mapovu yanachemka kuizunguka nyundo, ishara kwamba hewa inatoka panapotakiwa. Naanza na mapigo machache, napumzika, naongeza, ili kiumbe yeyote aliye mbali apate nafasi ya kuondoka. Baada ya hapo ni kazi.

Saa 3 mpaka saa 5

Hapa ndipo mshahara wangu ulipo, kwa hiyo niseme kwa kirefu.

Kosa la mgeni ni kuweka patasi katikati ya mwamba na kukanyaga pedali mpaka kieleweke. Hakitaeleweka. Jiwe lililobanwa na jiwe pande zote halina pa kwenda. Utalitoboa tundu na patasi itanasa humo. Unatafuta ukingo, mahali ambapo tayari kuna shimo au mteremko, unarudi nyuma nusu mita hivi, unasimamisha patasi wima dhidi ya uso wa jiwe, unakandamiza, ndipo unapiga. Ufa unakimbilia kwenye uwazi na bonge linamegeka. Unarudi nyuma tena kidogo. Unakula mwamba kutoka ukingoni.

Nitajuaje umevunjika, na maji ni ya kijivu kama simenti? Kwa makalio, kusema kweli. Mtetemo unapanda kwenye mkono wa mashine mpaka kwenye kiti. Jiwe zima hurudisha pigo kavu, linalolia. Ufa ukianza, mlio unazama, unakuwa mzito. Kisha patasi inaanza kushuka. Hapo mguu lazima uwe umeshatoka kwenye pedali. Ukichelewa, jiwe limekwisha na pistoni inaendelea kugonga patasi isiyoegemea kitu. Nguvu iliyokuwa iende kwenye mwamba inabaki ndani ya nyundo, na boliti ndefu zinazoifunga ndizo zinazolipa. Nchi kavu unaliona jiwe likipasuka na unaachia. Huku chini una sekunde moja na kiti chako.

Upande wa pili wa sheria hiyo ni kutong'ang'ania. Nikipiga sekunde 20 au 30 bila patasi kushuka, nahama, hata sentimita 30 tu. Mara nyingi ile sehemu iliyogoma inapasuka yenyewe ukipiga jirani yake.

Na kuna jambo linalowasumbua sana waliozoea machimbo ya nchi kavu. Vipande havirushwi pembeni. Vinabaki palepale, na baada ya muda unapiga godoro la kokoto linalomeza pigo lote. Mlio unakuwa wa uongo, unafanana na wa jiwe linalovunjika. Skrini ndiyo inayokutoa ushamba: patasi haishuki kuvuka kimo kile kile. Basi, wacha kupiga, iite ndoo.

Leo maji yanakupwa mpaka karibu saa 5, kwa hiyo sehemu za kina kirefu nimeziweka muda huo. Bamvua imetofautisha maji makubwa na madogo kwa mita 3, na mita 3 ni nyingi sana kwenye mkono wa ekskaveta. Zikipanda, kinundu kilekile kinakuwa mwisho kabisa wa nilipoweza kufika, na huko mashine haina tena ubavu wa kukandamiza.

Saa 5 na dakika 20

Taa nyekundu. Mgandamizo wa hewa umeshuka. Naachia pedali na kuinua nyundo moja kwa moja, bila kuuliza. Serahangi, msimamizi wa mabaharia, anaupata mpira umejisugua kwenye bawaba ya mkono hadi ukapata tundu la upana wa msumari. Dakika 40 za kubadilisha. Nyundo haikunywa maji.

Saa 6 mchana

Wakati wa mapumziko kijana wa mafunzo ananisogelea. "Fundi, kwa nini tusilipue tu?"

Swali zuri, na watu wamelipua sana. Tarehe 10 Oktoba 1885, wahandisi wa jeshi la Marekani chini ya John Newton waliulipua mwamba wa Flood Rock katika mkondo wa Hell Gate, New York, baada ya miaka ya kuchimba mahandaki chini yake. Kanada nao, kwa mlipuko wa tarehe 5 Aprili 1958, walichimba kutoka kisiwani, wakapita chini ya bahari mpaka ndani ya mwamba wa Ripple Rock uliokuwa umezamisha na kuharibu meli nyingi, wakajaza zaidi ya tani 1,200 za baruti, wakabonyeza. Ukiwa na mlima chini ya maji na hakuna jirani, sina ubishi. Lakini kinundu chetu kiko karibu na ukuta wa gati. Mtikisiko wa baruti hauchagui.

"Na zile meli za kukata?" Hajachoka. Meli za kukata na kufyonza zina kichwa cha meno kinachozunguka kwenye mwamba, na zile kubwa ni balaa: Spartacus, iliyoanza kazi 2021, ina mitambo ya jumla ya kilowati 44,180. Meno yake huliwa na mwamba na kubadilishwa kutwa. Chombo kama hicho ukikileta kwa vinundu vilivyotawanyika kandokando ya gati, utatumia muda mwingi kuhamisha nanga na kuzuia meli za watu kuliko kukata.

Ninayemwonea wivu ni yule wa kale. Miaka ya 1880 kampuni ya Lobnitz ya Scotland ilitengeneza mashine ya kuvunja mwamba kwa ajili ya Mfereji wa Suez: patasi nzito ya tani kadhaa inainuliwa, inaachiwa, inaanguka kwa uzito wake. Hakuna sili wala hewa. Ilikuwa polepole, lakini taa nyekundu hawakuwa nayo.

Saa 7 mpaka saa 9

Nyundo inasogea, tishari la pili lenye ndoo linachukua nafasi. Linachota vifusi na kupakia kwenye tishari la kumwaga, lile linalofunguka tumboni. Mimi nakata mdomo wa patasi pamoja na fundi na kujaza daftari. Naangalia pia ukubwa wa mawe yanayopanda: yakiwa makubwa mno kwa ndoo, nafasi kati ya mapigo yangu ilikuwa pana.

Saa 9 alasiri

Boti ya upimaji inapita juu ya kinundu, ikirudi na kwenda. Chombo chake hupeleka mawimbi mengi ya sauti kwa mpigo mmoja, yaliyotanuka kama upepeo, na kuchora sakafu yote badala ya mstari mmoja. Picha inapofunguka, kijani ni sawa, nyekundu ni juu ya kiwango.

Kulikuwa na nyekundu ya ukubwa wa meza. Mita 10.88. Zimebaki sentimita 12.

Mtu wa ofisini husema, sentimita 12 ni dakika kumi. Shida ni kwamba huwezi kubandua sentimita 12 za mwamba. Jiwe hupasuka kwa kufuata nyufa na matabaka yake, siyo mstari uliochorwa na mhandisi. Ili upate mita 11 kwa uhakika inabidi uvunje mpaka mita 11 na nusu hivi, ukubali kuchota zaidi ya ulichoombwa. Pale nilipogusa juujuu ndipo paliponisumbua mara zote. Ningekuwa na sauti kwenye mikataba, kina hicho cha ziada kingelipwa chote.

Saa 10 na nusu

Maji bado yanajaa na mkondo unasukuma nyundo upande. Patasi inaonekana wima kwenye skrini lakini naihisi ikiegemea bushi. Napiga kidogo upande wa mashariki, ambako ukingo umeshafunguka, nafungua mita moja zaidi ya uwazi, nasimama. Kuendelea hapo ni kula bushi bure.

Saa 12 jioni

Mwenzangu amerudi, safari hii kanawa uso. Nampa daftari. "Patasi tumeikata, mpira wa hewa ni mpya, bushi ya chini iangalie usiku wa manane. Kinundu kimebaki 12."

"Nianzie wapi?"

"Mashariki, nimekufungulia. Usipige juu yake hata kidogo. Shuka mpaka kumi na moja na nusu, ukichimbe kwa chini. Na usianze sasa. Maji yanakupwa tena mpaka karibu saa 5 na nusu usiku, ngoja yashuke na mkondo utulie."

Akaangalia jedwali la maji, akakokotoa kwa kalamu pembeni ya karatasi, akasema ataanza saa 4 na nusu. Mpaka hapo ataitia ile nyundo grisi.