Mpishi wa Nyambizi Niliyemkuta Saranda

Treni ya umeme kutoka Dar hadi Dodoma haikunipa la kusimulia: nilipanda, nikasinzia, nikashuka. Habari yangu inaanzia stendi ya mabasi ya Dodoma, nilipouziwa tiketi ya basi la Kigoma kwa maelezo kwamba ni laksari, lina AC, na maji ya kunywa ni bure. Hiyo AC ilikuwa vile vitundu vya juu ya siti, vingi vyake vimezibwa kwa gazeti. Maji ya bure yalikuwa kichupa kimoja, nacho kiliisha kabla hatujafika Bahi. Na jua la Dodoma la mwezi wa kumi, anayelijua analijua.

Bahi wauza kambare walizingira madirisha kama kawaida yao. Jirani yangu wa siti, mwanamume wa miaka hamsini na kitu, alifungua dirisha, akaomba samaki mmoja, akambonyeza mgongoni kwa kidole gumba, akamnusa chini ya shavu, akamrudisha. Akaomba mwingine, naye akamrudisha. Wa tatu akamnunua, kwa bei ambayo mimi ningeikataa. "Huyu amekaangwa leo," akaniambia. "Wale wengine wamepashwa moto tu." Hapo nikajua nimekaa na mpishi. Wa wapi, sikujua bado.

Tukaipita Kintinku. Tulipoanza kupandisha kuelekea Saranda, mvuke ukafumka mbele ya basi, ikaja harufu ya mpira uliochemka, dereva akasogea pembeni. Hosi ya juu ya rejeta ilikuwa imepasuka. Konda akasema, "Abiria wangu, dakika kumi tu." Walioizoea njia ile hawakumjibu, walishuka na khanga zao za kutandika, wakatafuta vivuli.

Dereva aliifunga hosi kwa mpira wa tyubu, akaja kutuomba maji ya kumwagia kwenye rejeta. Yale maji aliyotugawia kama zawadi sasa aliyataka tena! Watoto wa kijiji cha jirani walikuwa wameshafika na chupa zao, wakiuza 1,500 maji ambayo Dodoma nilinunua kwa 600, na watu walinunua, maana hakukuwa na duka jingine. Mama mmoja mwenye dumu alikataa katakata. Yule jirani yangu akatoa chupa zake mbili bila kusemeshwa, akasimama kutazama maji yakiingia. Yakatoka yote chini ya mpira wa tyubu.

"Hata kule kwetu shida ni hiyo hiyo," alisema. "Kinu chako kiwe kikubwa namna gani, maji yasipozunguka umekwisha."

Nikamuuliza, kinu gani, kaka? Cha kusaga?

"Cha nyuklia."

Nilidhani ananitania. Hakuwa ananitania. Alizaliwa Itigi, akabahatika kwenda Marekani akiwa kijana, akaomba uraia, akaingia jeshi la majini, na humo akapangiwa jiko la nyambizi ya mashambulizi, moja ya zile 62 za aina ya Los Angeles. Jina la chombo chake alinitajia. Sitaliandika, maana sikumwomba ruhusa. Tukakaa chini ya mbuyu, akamfungua yule kambare kwenye gazeti, akasema, "Karibu dada," na akaanza.

Kinu, alieleza, kazi yake ni kuchemsha maji tu. Urani inatoa joto, maji yenye mgandamizo mkubwa yanalibeba joto hilo hadi kwenye maji mengine, hayo ya pili yanakuwa mvuke, mvuke unazungusha tabo, yaani gurudumu lenye mapanga, na tabo ndiyo inayozungusha pangaboi na kutoa umeme wa chombo kizima. Moto huo hautaki hewa. Nyambizi za dizeli lazima zisogee juu kila mara zivute hewa na kuchaji betri. Hii ya nyuklia haina haja. Umeme wake unachuja chumvi ya bahari upate maji matamu, na maji hayo unayapasua upate oksijeni ya kuvuta. Nyambizi ya kwanza ya namna hiyo, Nautilus, iliondoka gatini tarehe 17 Januari 1955, na Agosti 1958 ikapita chini ya barafu ya Ncha ya Kaskazini bila kuchungulia.

"Kwa hiyo mnarudi lini, kama hamuishiwi mafuta?"

"Chakula kikiisha," akasema, na hapo uso wake ukachangamka. "Mwisho wa safari ni mimi."

Nilimsikiliza kwa hamu ambayo sijawahi kuwa nayo kwa habari za jeshi. Chombo kina urefu wa mita 110, lakini sehemu kubwa ni mitambo, na ndani wanaishi watu zaidi ya 130. Wakienda safari ndefu wanabeba chakula cha miezi mitatu hivi, na mahali pa kukiweka hakuna, basi makopo yanapangwa chini kwenye korido na watu wanatembea juu yake. Kadiri mnavyokula ndivyo sakafu inavyoshuka. Maziwa na mboga mbichi vinatangulia kuisha, mayai yanafuata, kisha mnabaki na vya kopo na unga. Mkate unaokwa usiku kila siku. Milo ni minne, kwa sababu kuna watu wanaoamka usiku wa manane kushika zamu, na baharia mwenye njaa, alisema, ni hatari kuliko topido. Vitanda havitoshi: vijana watatu wanapewa vitanda viwili, mmoja akienda zamu mwenzake anaingia kwenye godoro ambalo bado lina joto.

Na kelele. Nyambizi inaishi kwa kutosikika. Kuna saa inatolewa amri ya ukimya, na jikoni hapo hakuna kuangusha kitu. Alinionyesha namna ya kuweka sufuria: unaitanguliza kwa pembe moja, unailaza taratibu kwa kiganja, kama ulivyo mkono wa mama anayelaza mtoto. Alifanya hivyo na kifuniko cha chupa juu ya jiwe, na kweli sikusikia kitu. Sufuria ikianguka kwa nguvu, mtu wa sona, kifaa cha kusikilizia majini, wa chombo kingine anaweza kuisikia, na siri ya watu wote 130 imetoka.

Kisha akanieleza jambo ambalo bado ninalo. Chini kule barua haziendi. Enzi zake familia waliruhusiwa kukutumia ujumbe mfupi wa maneno machache, wewe huwezi kujibu, na walielekezwa wasiandike mabaya. Habari ya msiba inapita kwanza kwa kamanda, na yeye ndiye anayepima kama uambiwe sasa au usubiri bandarini. Baba yake alifariki Itigi yeye akiwa chini ya bahari. Kule nyumbani walizika, wakakaa matanga, wakaondoa tanga. Yeye siku zote hizo alikuwa anakanda unga wa mkate. Alipopanda gatini ndipo kamanda alipomwita chemba. "Nililia kilio cha watu walichokwisha kukimaliza," alisema. Mama mmoja aliyekuwa akisikiliza kwa pembeni, yule yule wa dumu, akamwambia, "Pole sana, baba," akamsogezea maji yake.

Saa zilikwenda. Konda alirudi kwa bodaboda kutoka Manyoni bila hosi, akaenda tena. Fundi alikuja, akalala chini ya basi, akaamka, akasema hosi ya aina ile haipo dukani, labda ifunguliwe kwenye basi lao jingine lililokufa Manyoni tangu mwaka jana. Abiria waligutuka. Spea ya basi bovu!

Yule kaka akasema msiwe na wasiwasi, hata Marekani walifanya. Tarehe 8 Januari 2005 nyambizi San Francisco, ikienda kwa kasi kusini mashariki ya kisiwa cha Guam, iligonga mlima uliomo chini ya bahari. Baharia mmoja alikufa, karibu 100 waliumia, pua ya chombo ikabomoka. Mwili wa ndani wanamokaa watu haukupasuka, ndiyo maana kilirudi juu. Wakati ule nyambizi nyingine, Honolulu, ilikuwa inastaafishwa. Honolulu ilikuwa changa kwa miaka minne, lakini fueli yake ndiyo iliyokuwa inaisha, na San Francisco ilikuwa imetoka kuwekewa mpya. Basi wakaikata pua Honolulu, wakaiunga San Francisco, na mwaka 2008 kazi ikakamilika. Ikaendelea kuhudumu miaka kadhaa, kisha ikafungwa gatini kuwa darasa la wanafunzi.

Hapo ndipo nilipouliza lililokuwa likinikereketa: kwani kitu kama hicho kinazeeka kwa nini, ikiwa moto wake hauzimiki?

Akasema zimepangiwa kama miaka 30, nyingine zinaongezewa kidogo. Fueli ni urani iliyosafishwa zaidi ya asilimia 90, na inakaa miongo, lakini ina mwisho. Na chuma nacho kinachoka: kila unapozama bahari inakiminya, kila unapopanda inakiachia, na mahesabu ya kuminywa huko yanatunzwa tangu siku ya kwanza. Nyingine hazifiki hata huko. Nyambizi Miami ilikuwa kwenye matengenezo huko Kittery, Maine, mwezi Mei 2012, pale kibarua mmoja alipowasha moto ndani kwa sababu alitaka kuruhusiwa kwenda nyumbani mapema. Ilikuwa na miaka 22 tu. Gharama ya kuifufua ilivuka dola milioni 450, wakaona haina faida, wakaistaafisha mwaka 2014. Kijana alifungwa miaka 17. Jirani yangu alilisimulia hilo kwa hasira kabisa, kama aliyechomewa nyumba yake.

Yeye mwenyewe alistaafu jeshi, akapata kazi Bremerton, jimbo la Washington, kwenye kiwanda ambako nyambizi zinakwenda kufia. Humo fueli iliyotumika inatolewa na kupelekwa Idaho kwa treni. Kisha chombo kinakatwa vipande. Chumba cha kinu kinazibwa kwa chuma pande zote mbili, kinabaki donge la zaidi ya tani 1,000, linapakiwa kwenye tishari, linapitishwa mto Columbia hadi Hanford, linapangwa kwenye handaki lililo wazi. Yako zaidi ya 130 pale, safu kwa safu. Chuma kingine kinauzwa chakavu. Chombo chake alikishuhudia kikikatwa. Jiko lake liliondoka bamba kwa bamba.

"Na urani yenyewe," alisema, akichokonoa udongo kwa kijiti, "watafiti waliwahi kuitafuta hapa hapa kwetu, Bahi na Manyoni. Mimi nimezunguka bahari yote nikipikia juu ya kitu walichokuwa wanakitafuta mlangoni kwa mama."

Nyuma yetu ilikuwapo reli ya kati, ile ya zamani, na mimi mtoto wa Kigoma nikiiona reli ile siwezi kutoiwaza Liemba, meli yetu ya Ziwa Tanganyika. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa kwa makasha hadi Dar, na makasha hayo yakapita kwenye reli hii hii, Saranda, Manyoni, Itigi, hadi ziwani. Julai 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha isitekwe, baada ya kuipaka injini grisi nzito. Mwaka 1924 ikaibuliwa, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina tulilolizoea. Nilimsimulia. Alisimama, akaitazama reli, akaniuliza maswali mengi kuliko niliyomuuliza mimi: jiko lake liko wapi, linatumia kuni au gesi, wali wa daraja la tatu unapikwa na nani. Nami nilisema wazi, na nasema tena hapa, kwamba inaniuma. Wenzetu chombo cha kuua watu wanakipangia hadi kaburi, na sisi chombo kilicholisha vijiji vya ziwa kwa vizazi tulikiacha kusubiri matengenezo mwaka baada ya mwaka.

Hosi ilikuja jua likizama. Ilikuwa ya basi bovu kweli, na ilikaa. Kaka alishuka Itigi usiku; nilimnunulia mama yake chupa ya asali hapo stendi, kwa bei ya mgeni, sikubishana. Tabora tulifika alfajiri. Kutoka Tabora hadi Kigoma sikumbuki kitu isipokuwa kiti kilichovunjika na muziki wa sauti ya juu.

Nyumbani nilimhadithia baba mdogo, aliyefanya kazi ya kupaka grisi ndani ya Liemba maisha yake yote. Alisikiliza hadi mwisho, akakataa. Fueli kuisha, sawa. Lakini chuma kuchoka kwa miaka 30, hapana. Hao hawapaki rangi. Nikamweleza habari ya kuminywa na bahari, kina kirefu, kupanda na kushuka. Akasema Liemba nayo ilikaa chini miaka. Nikasema hiyo haikuwa inazama kila safari, baba, hizi zinazama kila safari. "Tena kwenye chumvi," mama akadakia kutoka jikoni. Baba mdogo akanyamaza kidogo, akasema chumvi hakuwa ameihesabu, na kwamba huyo mpishi akija tena Itigi aletwe Kigoma wazungumze.