Kilele Kimoja, Tafsiri Mbili: Heliamu-10 na Nyutroni Nne

Heliamu-10 ina protoni 2 na nyutroni 8, idadi ambazo kwa kawaida hujaza matabaka ya kiini sawasawa, kwa hiyo mtu angetazamia kiini imara. Sivyo kilivyo. Mwaka 1994, katika taasisi ya RIKEN nchini Japani, kilionekana kikivunjika papo hapo kuwa heliamu-8 na nyutroni mbili, kikiacha kilele kwenye grafu ya nishati karibu na elektronivolti (kipimo cha nishati) milioni 1.2 juu ya kizingiti cha kuvunjika. Mwaka 2012 watafiti wa Dubna, Urusi, walikipata karibu na milioni 2.1.

Kijana mmoja wa kidato cha sita, kati ya wale ninaowafundisha jioni hapa Chumbageni, Tanga, aliweka rula juu ya vilele hivyo viwili akauliza, “Mwalimu, sasa tuandike ipi?”

Kwa maoni yangu, huenda vipimo vyote viwili ni sahihi. RIKEN walianza na lithiamu-11, ambayo nyutroni zake mbili za nje zimetanda mbali sana na kiini, wakaing'oa protoni moja; kilichobaki kilirithi mtawanyiko huo, na kilele kikavutwa chini. Dubna walirusha heliamu-8 kwenye tritiamu, yaani hidrojeni yenye nyutroni mbili, ili ipokee nyutroni hizo mbili. Hali isiyodumu haiwezi kutenganishwa kirahisi na njia iliyoizalisha.

Shaka hiyohiyo ninayo kuhusu dai kwamba nyutroni nne, zisizo na protoni hata moja, zaweza kushikamana kwa kitambo kidogo. Katika matokeo ya RIKEN ya mwaka 2022, heliamu-8 ilipigwa kwenye hidrojeni ya kimiminika ili protoni ichomoe kiini cha heliamu-4. Nyutroni zenyewe hazikupimwa: nishati yao ilipatikana kwa kutoa, kama mchuuzi anayepima tenga kabla na baada ya kuuza ili ajue samaki waliotoka. Kilele kilikuwa kwenye milioni 2.37 na upana wa milioni 1.75, upana unaolingana na maisha ya sekunde 4 × 10⁻²² hivi. Hata hivyo, mwaka 2023 mwanafizikia Lazauskas na wenzake walionyesha kwa hesabu kwamba kilele kama hicho chaweza kutokana na nyutroni zilizokwisha kuambatana wawiliwawili ndani ya heliamu-8, pasipo rezonansi yoyote, yaani bila zote nne kushikamana hata kwa muda mfupi.

Mimi ningependa nyutroni zote nne zinaswe moja kwa moja, kama ilivyofanyika kwa oksijeni-28, iliyotangazwa mwaka huohuo wa 2023, ambapo zilipimwa pamoja na oksijeni-24 iliyobaki.